Uulkan Hahesabiwi

Yaani Uulkan alikuwa amechoka mpaka uchovu wenyewe ulikuwa umemchoka. Miguu imevimba, kiatu hakiingii, na kutoka mlangoni hadi uani anapumzika mara mbili. Mwanamke yuleyule ambaye kwa miaka thelathini hapa kijijini At-Bashy hakuna zulia la sufu lililokandwa bila yeye kuwahesabia wakandaji moja, mbili, ili wabane pamoja!

Daktari wa mjini alishamwambia: moyo umedhoofika, na mbaya zaidi, pande zake hazibani pamoja. Huku kukibana, kule bado kumelegea. Dawa kanywa zote. Imebaki kumpachikia kamashine kifuani, kadogo kama kiberiti, kawe kanaziamsha pande zote kwa mpigo mmoja. Nafasi ipo Jumatatu, jibu linatakiwa leo.

"Nihesabiwe na kamashine? Mimi?" Uulkan aling'aka. "Nguvu ninazo. Nimechoka tu."

Basi akaketi kwenye kigoda uani kuwasimamia wifi zake, Zuura na Anipa, wake wa wadogo zake. Sufu imemwagiwa maji ya moto, imeviringishwa ndani ya jamvi la matete, na wao wamepiga magoti wanaikandamiza kwa viwiko. Ila toka asubuhi wamenuniana, kisa nani kaunguza mikate. Uulkan pumzi ya kuhesabu hana. Kwa hiyo kila mtu anabana kwa wakati wake.

"Bi Zuura, unakanda au unabembeleza mtoto?" Anipa akachokoza.

"Afadhali mimi. Wewe mkate tu umekushinda."

Wakakandamiza mpaka jasho likawatiririka. Kufungua, loh! Katikati sufu imeachana, pembeni imevimba kama shavu lenye jino bovu.

"Mnasukumiana nini?" Uulkan akafoka. "Zuura akibana, sufu inakimbilia kwa Anipa. Anipa akibana, inarudi! Nguvu zote zinaishia humo humo ndani, hakuna..."

Mkono ukaenda kifuani wenyewe.

Zuura akanyanyuka. "Wifi? Tuite gari?"

"Kaa." Akahema, akahema tena. "Nipe simu nimjibu daktari. Nitakwenda. Na wewe Anipa, mdomo si unao? Hesabu."

"Mimi? Si ulisema hatuhesabu mpaka ufe?"

"Ndicho ninachokikwepa hicho. Hesabu!"

Wakaliviringisha jamvi upya, Anipa akaanza, ovyo ovyo, moja ikifukuzwa na mbili. Lakini viwiko vikashuka pamoja. Siku nyingine Uulkan angemkosoa. Leo alifumba macho tu, simu sikioni, akisubiri ipokelewe.