Triza Husuka Nywele, Wasichana wa Dobi Hufunguka

Jumamosi mchana, mashine za dobi zimezimwa na mtaa wa Fedha unanukia vitunguu vya majirani. Nyuma ya kampuni, Triza Nabwire anageuza kreti ya soda, anaikalia, kisha anamvuta msichana katikati ya magoti yake.

"Tulia wewe! Kichwa chenyewe kama ngumi, na bado unakitingisha," anamwambia. Wanaongoja zamu wanacheka mpaka wanashikana.

Triza, mwenye miaka hamsini na moja, ni msimamizi wa waosha mashuka katika kampuni inayohudumia hoteli na ofisi za mjini. Kusuka si kazi yake na halipwi hata shilingi.

"Mtu ukimwangalia usoni atakwambia yuko sawa," anasema, kichana kikiwa mdomoni. "Lakini akikupa kisogo, ataongea mpaka ukose pa kuweka masikio."

Tabia hii aliitoa mtaa wa Huruma. Alishuka kwenye basi la Busia mwaka wa tisini na tatu, akiwa na begi la sandarusi, akapokelewa na Mama Mulama, ambaye sasa ni marehemu. Siku hizo kila mtoto wa nyumbani Busia aliyekuja mjini kutafuta kazi alifikia kwake. Godoro halikutosha watu, ugali ulitosha.

"Jumapili tukitoka kanisani, alitukalisha kwa ngazi za ploti tuliyopanga akitusuka na uzi mweusi," Triza anakumbuka, na sauti inashuka. "Anakuuliza tu, 'Huko kazini wanakuweka aje?' Ukinyamaza sana, kesho yake yuko kwa geti ya mwajiri na leso yake, anataka kuonyeshwa pale unalala. Hakuna tajiri alitaka aje mara ya pili!"

Anacheka, kisha anachambua fungu jingine la nywele. Siku hizi, anasema, mgeni hafikii kwa mama. Anafikia kwa ajenti.

Kazi ilipozidi, kampuni ilianza kuletewa wasichana na ajenti mmoja, Luseno, mtu wa nyumbani kabisa, anayewachukua kijijini hata nje ya kanisa. Baadaye wateja wakubwa wakaanza kuuliza kama kuna mtu yeyote anafanyishwa kazi kitumwa. Ofisi ikabandika namba ya simu ya kuripoti kwa siri kwa choo cha wanawake. Wiki zikapita na hakuna aliyepiga.

Februari mwaka huu, Nekesa, msichana wa miaka ishirini, akakaa kusukwa. Triza alikuwa amesikia kwamba mamake anaugua huko Butula, akamuuliza ataenda lini kumwona.

"Siwezi, auntie."

"Si uombe ruhusa?"

"Kitambulisho kiko kwa ajenti. Simu pia. Na geti ya hosteli tunakolala anafunga yeye kwa nje. Tunatolewa na gari lake tukija hapa, tunarudishwa nalo."

"Na mshahara?"

"Unapitia kwake. Tunapata chenye kinabaki."

Mkono wa Triza ukasimama katikati ya msuko.

"Huyo msichana nilimsifu mbele ya watu kwa kufika mapema kila siku," anasema. "Kumbe hafiki. Analetwa!"

Jumatatu akaenda kwa meneja, Githinji, akamweleza yote isipokuwa jina la msichana. Githinji aliruka kwenye kiti.

"Huyo ajenti namkata leo leo!"

"Na wasichana?"

"Wasichana ni wake, mama. Si wetu."

"Hapo umepotea, kijana wangu. Ukimkata leo, jioni atawahamisha mahali hakuna mtu wa kuwauliza. Waajiri wewe kwanza, ndio umkate."

"Basi niambie nani amesema."

"Sisemi."

"Unajua kuficha jambo kama hili kunaweza kukutoa kazini?"

"Najua."

Alijua kweli. Ana kijana chuoni, na mshahara wake wa elfu ishirini na nane ndio unalipa nyumba.

Alhamisi Githinji akashuka mwenyewe mpaka kwa mashine, akamwambia Triza kwamba amekubali. Kampuni ingewaajiri wasichana wote tisa moja kwa moja. Jioni hiyo yeye, Triza na afisa wa kazi wa serikali wakafuata gari la ajenti mpaka hosteli. Luseno akatoa vitambulisho na simu kwa mfuko wa nailoni, mpole kabisa.

"Mimi nilikuwa nawatunzia tu."

"Hata Mama Mulama alitutunza," Triza akamjibu. "Lakini ukitaka kwenda, alikutafutia nauli."

Nekesa aliondoka kwenda Butula kesho yake asubuhi. Mpaka leo hajarudi, na Githinji ameshauliza kama nafasi yake apewe mwingine. Triza amemwomba angoje.

Yeye na majirani wawili wanatafuta vyumba viwili Huruma, ili wasichana wa nyumbani wawe na pa kufikia kabla ya kazi kupatikana. Mwenye ploti bado anavutana nao. Anaogopa kelele.

Na Nekesa asiporudi je?

"Asiporudi pia ni sawa," Triza anasema. "Anajua njia ya kuja. Nilichotaka ni ajue hata ya kuondoka ni yake."