Bi Chanzo Apewa Ufalme

Wanafunzi walimwita Bi Chanzo, kwa sababu hata ukimwambia nje mvua inanyesha atakuuliza, "Chanzo chako ni kipi?" Alianza kufundisha historia chuoni nywele zake zikiwa bado nyeusi, na kitabu chake kuhusu ufalme wa mtoni, ule ulioangushwa na njaa, ndicho kilichompa sifa. Mtu wa namna hiyo humkalishi mbele ya mchezo wa kompyuta ukategemea huruma. Lakini binti yake alimkalisha, na huo ndio ujasiri, mengine ni mbwembwe.

Binti huyo aliwahi kuanza shahada ya historia, akaiacha katikati na kwenda kutengeneza michezo. Mama hakugombana naye. Alinuna tu, na kununa kwa Bi Chanzo kulikuwa na tanbihi.

Sasa mchezo ulikuwa umekamilika. Mchezaji hupewa ufalme kwenye ramani akauongoza karne nzima: kodi, ndoa, vita, mavuno. Miongoni mwa falme hizo ulikuwemo ule wa mtoni, uliojengwa kutoka kitabu cha mama, ukurasa kwa ukurasa.

"Ukiona ni uongo, Mama," binti alimwambia kwenye simu, "naufuta wote kabla hatujautoa." Alijifanya anatania, lakini alimaanisha kila neno.

Jumamosi asubuhi Bi Chanzo akapanda ngazi hadi chumba ambacho binti na mwenzake walikuwa wamepanga juu ya duka la viatu, harufu ya gundi ikimfuata. Humo mlikuwa na meza mbili, nyaya zilizotambaa sakafuni, feni yenye manung'uniko, na huyo mwenzake, mchoraji wa mchezo, ambaye alimwachia mgeni kiti chake kisha akasimama ukutani kama mshtakiwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hizi ngao umechora wewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Umezitoa wapi?"

"Kwenye picha za kitabu chako."

"Hm," akasema Bi Chanzo. Waulizeni wanafunzi wake, watawaambia hiyo "hm" huwa ni alama ya juu.

Akaanza kutawala. Mwanzoni alishika kipanya kwa vidole viwili, kama kitu kilichookotwa jalalani. Haukupita muda akawa amesogeza kiti mpaka pua inakaribia kioo. Aliona bei ya chumvi ikipanda pale njia ya misafara ilipofungwa. Aliona posa moja iliyokataliwa ikizaa vita kwa wajukuu. Akapiga meza.

"Jambo hili nimelieleza sura nzima, watu wakasinzia! Hapa mtu analiona kwa macho yake!"

Hakuacha kukosoa, maana mazoea yana taabu. Wakulima walikuwa namba tu, hawana midomo, na malkia wote kazi yao ilikuwa kuolewa. Binti aliyaandika yote bila kubisha.

Ndipo likaja kosa ambalo mwanahistoria peke yake angelifanya. Bi Chanzo aliujua mwaka wa ukame. Kitabuni alikuwa amemwita mfalme wa mtoni mzembe kwa kutoweka akiba. Basi yeye akaweka. Akapandisha kodi ya nafaka, akajenga ghala baada ya ghala, akawanyang'anya watu hata mbegu, akiungoja ukame kama mtu anayemngoja mgeni aliyekwisha piga simu.

Ukame haukuja. Mvua ilinyesha vizuri, nafaka ikaozea ghalani, na wakulima, wale wale namba, wakaivamia ikulu na majembe yao. Ufalme ukaanguka mapema kuliko ulivyoanguka kweli.

"Ukame uko wapi?" Bi Chanzo akafoka. "Mmekosea! Mwaka huu una ukame!"

Mchoraji akainamia viatu vyake. Binti akamgeukia mama yake.

"Mama, ukame unaweza kuja, unaweza usije. Nani kakuambia ni lazima uje?"

"Mimi ndiye niliyeandika kitabu!"

"Najua, Mama. Lakini mfalme hakuwa nacho."

Bi Chanzo alivua miwani. Vizazi vya wanafunzi alikuwa amewafundisha kumcheka mtu aliyekabiliwa na njaa ya leo, asiyekuwa na mtu wa kumhakikishia kwamba ya kesho ingekuja. Aliona aibu, lakini alifurahi kuliko alivyoona aibu, kwa kuwa sasa ndio kwanza alimwelewa mfalme wake.

"Niufute?" binti akauliza kwa sauti ndogo.

"Ufute nini, wewe! Umerogwa?" Akamshika mkono, akaung'ang'ania. "Mwanangu, mimi nimewaeleza watu walichofanya wafalme. Wewe umenikalisha kitini pao. Jumanne ninafundisha sura ya huyu mfalme. Njoo na mchezo wako, usimame mbele, ufundishe wewe."

"Na wewe, Mama?"

"Nitakaa na wanafunzi. Ukiniona nimekunja uso, usiogope. Endelea tu."