Kaptura ya Kwenda Buffalo

Wifi yangu wa Columbus alinipigia simu Jumapili moja baada ya ibada, nikiwa jikoni nasonga ugali, akaniambia kwamba kiangazi hicho tutakwenda Buffalo kumsalimu mama yake, mkwe wangu. Nikamwambia ni jambo jema, nitaomba likizo kazini, tutapanda basi.

"Basi la nini?" akasema. "Tunakwenda kwa baiskeli."

Nikaondoa sufuria motoni ili nisikie vizuri. Buffalo iko juu kabisa, karibu na Kanada, na kutoka Columbus mpaka huko ni wiki nzima ya kukanyaga, tena kwa mtu mwenye miguu mizuri. Lakini wifi yangu hakuwa akitania. Daktari alikuwa amemwambia kisukari kinamnyemelea, akanunua baiskeli, na tangu siku ile alikuwa kama mtu aliyeokoka upya. Kila tukizungumza aliniuliza, "Leo umekanyaga?" kama vile zamani alivyokuwa akiniuliza kama nimesali.

Mimi nilikuwa nakaa Louisville, pale Highview, na nilikuwa na baiskeli yangu ya kwendea kazini kwenye ghala huko Okolona, kwa sababu gari lilikuwa moja na zamu zangu na za mume wangu hazikupatana. Kwa hiyo kuendesha nilijua. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Kigoma tulikokulia, mwanamke alikaa kwenye keria, upande, miguu pamoja. Mimi nilijifunza kwa kuiba baiskeli ya kaka yangu alipolala mchana, na niliona kwamba mtu aliyejifunzia baiskeli ile ya chuma, ndefu kuliko yeye, hana la kuogopa Marekani. Nikamkubalia wifi kabla ugali haujapoa.

Alikuja Louisville mwezi wa tano tufanye mazoezi. Tulifuata njia ya kando ya mto Ohio asubuhi mpaka jua likawa kali. Nilivaa suruali ya kubana ya pamba, na juu yake sketi. Sikujua pamba ikilowa jasho inageuka kuwa msasa. Tuliporudi nyumbani nilikula chakula nimesimama, nimeegemea friji. Mume wangu akanivutia kiti.

"Kaa, mke wangu, umechoka."

"Nimechoka kukaa," nikamjibu.

Kesho yake kazini nilitembea kama niliyebana ndoo katikati ya magoti. Msimamizi wetu aliniuliza kama nimeanguka. Nikasema ndiyo, maana ukweli ulihitaji Kiingereza nisichokuwa nacho. Kiingereza changu kilikuwa cha ghalani: maboksi, lebo, mapumziko, harakisha. Sehemu zilizokuwa zimechubuka hazikuwa na jina katika Kiingereza hicho.

Ndiyo maana nilipokwenda duka la baiskeli kutafuta kaptura ya safari ndefu, nilimchukua binti yangu akanitafsirie. Alikuwa na miaka kumi na tano, umri ambao mtoto angependa mama yake asiwe na mwili kabisa. Muuzaji alikuwa kijana mwenye ndevu nyingi na sauti ya upole, akaniuliza kwa heshima shida yangu ni nini.

"Mwambie naumia," nikamwambia binti yangu.

Akamwambia. Kijana akauliza jambo.

"Anauliza unaumia wapi," binti yangu akasema, akiangalia dari.

"Mwambie pale ninapokalia, na huku ndani ya mapaja, halafu na pale mshono unapopita."

Binti yangu akasema neno moja tu. Kijana akaitikia kwa kichwa, akaanza kueleza, akaeleza sana, akionyesha kwa vidole hewani mishono inavyokaa. Binti yangu akaangalia viatu vyake.

"Amesemaje?"

"Hajasema kitu."

"Nimemwona anasema dakika nzima."

"Mama, twende nyumbani, tafadhali."

"Hatuendi mpaka uniambie."

Akavuta pumzi, akasema harakaharaka kama anayebandua plasta: "Anasema kaptura hizi hazivaliwi na chupi."

Nikamtazama yule kijana. Akatabasamu kwa upole, akirudia kuitikia kwa kichwa. Nikamwambia binti yangu, "Mwambie mimi ni mama wa kwaya." Alikataa katakata, akahamia upande wa taa na kengele, akajifanya hatufahamiani.

Tukabaki mimi na kijana na ishara za mikono. Alinipangia kaptura juu ya meza. Zote zilikuwa nyeusi, za kubana, na ndani zimeshonewa sponji pale mtu anapokalia. Sponji moja ilikuwa nene kama godoro la mtoto mchanga. Niliibonyeza kwa kidole gumba, nikaipenda hapo hapo. Kijana akatikisa kichwa. Alinionyesha nyingine, nyembamba, ngumu kidogo, isiyo na mshono katikati. Nikafikiri, huyu anataka kuninyima raha. Nikanunua godoro.

Nilipolijaribu nyumbani, mume wangu alinizunguka mara mbili.

"Hiyo nepi," akasema, "umeiazima kwa mtoto wa nani?"

Siku niliyokwenda nalo mbali ndipo nilipomwelewa kijana. Sponji nene ikilowa jasho inajikunja na kujikusanya, na ukisimama kwenye kanyagio inaning'inia, na ukikaa tena haijarudi mahali pake. Nilikuwa nimekalia mkate uliodumbukia kwenye chai. Nikarudi dukani peke yangu, bila mkalimani, aibu yote ikiwa usoni. Kijana hakunicheka. Alifunga baiskeli kwenye chuma fulani ili isitembee, akanipa ile kaptura ya sponji nyembamba niende kuivaa, akaniambia nipande, niiname, nikanyage. Kwa maneno machache na mikono mingi alinieleza kwamba kaptura ya baiskeli ukiijaribu umesimama mbele ya kioo itakudanganya. Mkanda wake wa kiunoni ulikuwa mpana, haukunikata tumbo nilipoinama. Miguu yake ilifika karibu na magoti, na pindo halikupanda. Nikakanyaga pale pale dukani bila kwenda popote, watu wakiingia na kutoka, mpaka nikaridhika. Nikanunua mbili, moja ya kuvaa na moja ya kufua.

Kuhusu chupi sikumtii. Niliona kuna mambo mzungu anaweza kusema na mtu akayaacha dukani.

Mume wangu alinipeleka Columbus kwa gari, baiskeli ikiwa nyuma. Mwezi wa saba, asubuhi, mimi na wifi tukaondoka. Juu ya kaptura nilifunga kitenge, maana nilikuwa mkamwana ninayekwenda ukweni, na wifi alivaa kaptura ya aina nyingine kabisa, yenye mikanda inayopita mabegani kama ovaroli. Alijisifu sana. Alisema haibani tumbo wala haishuki, na waendeshaji wote wakubwa wanavaa hivyo.

Kufika mchana mshono wa chupi yangu ulikuwa umenichora mistari ambayo niliiona hata bila kuiona. Nikaingia choo cha kituo cha mafuta, nikavua, nikamwomba Mungu radhi kwa kifupi, nikatoka. Nilipopanda baiskeli nilihisi tofauti papo hapo. Wifi aliponiuliza kwa nini natabasamu nikamweleza, na yeye akashika breki ili acheke vizuri.

"Umekuja nayo kutoka Louisville?"

"Nilidhani ni uhuni wa yule kijana."

"Wifi! Wiki nzima ungefika umekuwa na makovu!"

Lakini zamu ya kucheka ilinifikia upesi. Njia ilipita katikati ya mashamba ya mahindi, na choo kilikuwa mbali. Wifi akaingia kwenye mahindi. Hapo ndipo nilipojua siri ya ile kaptura ya mikanda: ili mtu aishushe lazima kwanza avue koti, kisha fulana, kisha atoe mikanda mabegani. Yaani mtu anakwenda haja ndogo, anaishia kuwa kama anayekwenda kuoga. Nilimfungulia kitenge changu nikakishika kama pazia. Mkulima mmoja akapita kwenye trekta upande wa pili, akatupungia mkono. Wifi, amechuchumaa, kofia ya baiskeli bado kichwani, akainua mkono akampungia pia.

"Unamsalimu ya nini?" nikamnong'oneza.

"Ningefanyaje, nimwonyeshe dharau?"

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Kwa kuwa alikuwa na kisukari kinachomnyemelea, na alikuwa akinywa maji kama alivyoagizwa na daktari, nilishika pazia lile mpaka mikono ikazoea.

Kule ambako Waamishi wanaishi, watu wanaosafiri kwa magari ya farasi na kuvaa kama mababu zao, ndipo kitenge kiliponiangusha. Upepo ulikivuta, mnyororo ukakidaka, baiskeli ikasimama ghafla, na mimi nikalala taratibu kwenye majani na baiskeli juu yangu, tumeshonwa pamoja. Wifi alijaribu kuvuta, mnyororo ukazidi kula. Akatokea mama mmoja wa Kiamishi, gauni mpaka kwenye vifundo vya miguu, kilemba cheupe kichwani, naye yuko juu ya baiskeli, ameketi wima, gauni lake halijagusa hata tairi. Alishuka, akatutazama, akatoa mkasi kwenye kikapu chake, akanionyesha kwa macho: nikate? Nikasema kata.

Akakata. Kitenge kikatoka vipande, chenye mafuta meusi, na mimi nikabaki na kaptura peke yake mbele ya mwanamke aliyevaa kwa adabu kuliko akina mama wote wa kanisa letu. Niliona aibu mpaka masikioni. Akaitazama ile kaptura, akalitazama tandiko langu, akasema tandiko limeinuka mno mbele, ndiyo maana linaniumiza. Wifi alikuwa na spana, tukalishusha pale pale. Nyonga zangu zilimshukuru njia yote iliyobaki.

Usiku tulilala kwenye moteli za kando ya barabara. Kila jioni tulifua kaptura kwenye sinki kwa sabuni, kwa sababu yule kijana alikuwa ameniambia kaptura isiyofuliwa italeta majipu. Asubuhi zisipokauka tulizifunga nyuma ya baiskeli, sponji ikitazama jua, tukapita nazo mijini zikipepea. Moteli moja nilisahau tulipewa chumba kipi, nikasimama mapokezi na kuita kwa sauti, "Wifi! Wifi!" Dada wa mapokezi akaniandikia nenosiri la intaneti kwenye kikaratasi, akanikabidhi kwa upole. Nikaita tena, kwa nguvu zaidi. Akanyanyuka kwenda kuangalia kama mitambo imekatika.

Jambo la mwisho tulilojifunza lilikuwa krimu. Ya kwangu ya kupaka dhidi ya kuchubuka iliisha, wifi akaninunulia nyingine njiani, akaona ina picha ya jani, akadhani ni dawa ya asili. Lilikuwa jani la mnanaa, na mnanaa kwenye ngozi iliyochubuka unachoma kama pilipili. Asubuhi ile niliendesha mbele yake kwa kasi ambayo hajaisahau mpaka leo. Baada ya hapo tukarudi kwenye mafuta ya mgando, kama tulivyokuzwa.

Mpango wetu ulikuwa tusimame kabla ya kufika, tuvae magauni, ndipo tuingie kwa mama. Lakini shemeji yangu mdogo, anayekaa na mama huko West Side ya Buffalo, alikuwa ameshalitangazia kanisa zima. Tulipokunja kona ya mtaa wao, watu walikuwa wamejaa kibarazani na kwenye ngazi, wanaimba. Hakukuwa na pa kubadilishia. Nikashuka, nikaiweka baiskeli mbele yangu kama mtu anayejificha nyuma ya fito. Mama mkwe akashuka ngazi polepole, nyimbo zikapungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Weka hiyo baiskeli pembeni."

Nikaweka.

"Geuka."

Nikageuka. Nikamhisi anabonyeza sponji kwa kidole gumba, vile vile nilivyofanya mimi dukani.

"Ndani mna nini?"

"Sponji, mama."

"Na inasaidia?"

"Inasaidia sana, mama."

Akabonyeza tena upande wa pili, kisha akasema mbele ya watu wote, "Na mimi mnaniacha nikalie mifupa kwenye benchi la kanisa kila Jumapili?"

Kicheko kilichotoka kwenye kibaraza kile nadhani kilisikika Kanada. Jioni alitaka kuijaribu ile ya pili, iliyokuwa safi. Ilibidi aambiwe habari ya chupi, na mkamwana hawezi kumwambia mama mkwe maneno hayo, kwa hiyo alikwenda wifi, ambaye ni binti yake wa kumzaa. Mlango ukafungwa. Punde nikamsikia mama anacheka mpaka akakohoa, nikampelekea maji nikayaacha mlangoni.

Jumapili alikaa ibada nzima, na mahubiri yalikuwa ya wachungaji wawili, bila kujigeuza hata mara moja, gauni lake refu limetulia juu ya magoti. Akina mama wa kiti cha nyuma walimuuliza ametumia dawa gani. Hakuwaambia.

Tulirudi kwa basi, baiskeli zikiwa chini kwenye mizigo, na nilirudi Louisville na kaptura moja. Shemeji aliniambia baadaye kwa simu kwamba ile ya mama haiguswi na mtu. Anaifua mwenyewe kila Jumamosi, anaianika chumbani kwake, na watoto wakiuliza ni nini anawaambia ni vazi la ibada.