Nilivyomfugia Bibi Nzige

Mtu akiniuliza mwaka ule nilikuwa nafanya kazi gani, namjibu kwamba nilikuwa msusi na mfugaji. Akiuliza mfugaji wa nini, namwambia nzige. Hapo huwa anacheka kwanza, halafu anasogeza kiti karibu. Hata mimi nacheka. Lakini nikiwakumbuka watu walionivumilia pale nyumbani Itetemia, Tabora, moyo unanijaa, na ndiyo maana naandika.

Tulikuwa watatu ndani ya nyumba: mama, bibi mzaa mama, na mimi. Shule yangu iliishia kidato cha pili. Kusuka nilijifunza kwa kutazama tu, na baraza letu halikukosa kichwa cha kusuka. Bibi alikuwa ametoka kulazwa hospitali ya Kitete. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umekwisha, daktari alitueleza vizuri sana, dawa alishamaliza, kilichobaki kilikuwa kula. Na kula ndiko kulikomshinda. Uji aliugusa kwa ncha ya ulimi akaurudisha. Mlenda wa karanga, ambao zamani tulikuwa tunagombania sufuria mimi na yeye, alikuwa anautazama kama chakula cha watu wengine. Mikono yake ilikuwa imepungua mpaka nikimshika kumwinua naogopa nitamvunja. Mama hakulia mbele yetu, ila siku moja nilimsikia uani akimwambia jirani, "Asipokula huyu, kiangazi hiki hatukimalizi naye."

Mvua zilikuwa zinaishia. Asubuhi moja bibi akiwa ameketi kwenye mkeka juani, kuku wetu akanasa nzige kwenye majani ya uani, nzige mkubwa hasa, akawa anakimbia naye mdomoni na wenzake wote nyuma yake. Bibi akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu kabla ya hospitali.

"Mnyang'anyeni huyo kuku! Hajui hata anachokula."

"Kwani wewe bibi ungemla?"

"Ningemla? Mke mwenzangu, wewe umezaliwa juzi."

Ananiita mke mwenza kwa sababu marehemu babu alikuwa akiniita mke wake mdogo. Basi akaanza kusimulia. Kwao Nzega, alipokuwa msichana, nzige wakitua watu walikuwa wanatoka alfajiri kabla umande haujakauka, maana nzige mwenye mabawa mabichi haruki, unamwokota kama karanga. Wanawachemsha na chumvi, wanawaanika, halafu wanawakaanga kwenye kipande cha chungu kilichovunjika, wanakula na ugali wa mtama. Akaeleza mpaka harufu yake. Na mimi nilikuwa nimekaa karibu, namsuka mteja, nikaona koo lake linameza mate.

Hilo tu. Koo kumeza mate. Niliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, nikachukua ndoo na kanga, nikaenda kuwasaka nzige.

Niliwapata wachache, kwenye majani ya pembeni ya shamba la tumbaku. Nikarudi nakimbia kama niliyeokota dhahabu. Mama akafunua kanga, akaangalia, akaniuliza nimewatoa wapi. Nilipomwambia, akaifunika tena.

"Tumbaku ile imepigwa dawa wiki hii hii. Unataka tumrudishe Kitete?"

Nilikaa chini. Kwetu mashamba ya tumbaku yametuzunguka, na majani mazuri yanaota kandokando yake, na nzige wanayapenda. Wengine kwenye ndoo walishaanza kulala chali. Lakini siku zile kulikuwa na mteja wangu, binti wa chuo, ambaye akisukwa anatazama video kwenye simu, na mimi natazama juu ya kichwa chake. Humo niliwahi kuona watu wa nchi za mbali wanafuga nzige kwenye masanduku kama kuku. Nikawaza: hawa hawaliki, sawa, lakini wakizaa, na watoto wao nikawalisha majani safi tangu siku ya kwanza, hao si watalika?

Nikamwambia mama.

"Fuga," akasema. "Lakini nikimwona mmoja kwenye mahindi ya mtu, sanduku lote nalitia moto."

Fundi seremala wa njiani kwetu alinipa mabaki ya mbao bure, akanigongea sanduku akisema tu kwamba anataka aone mwisho wake. Pembeni nikaweka chandarua kikuukuu. Hapo nilikosea, maana nzige walikitafuna chandarua kama mboga. Mchana wake nilikuwa namsuka mama mmoja mnene, mcheshi, anayeuza dagaa sokoni, akasema, "Mdogo wangu, huu uzi mbona unatembea?" Nikaangalia. Haukuwa uzi. Sijawahi kuona mtu mzima akiruka baraza namna ile. Alipotulia akacheka mpaka akatoa machozi, akaniruhusu niendelee, ila akasimulia soko zima. Fundi akanibadilishia chandarua kwa wavu wa chuma, ule wa madirishani.

Jirani yetu wa upande wa kisima ndiye hakucheka. Alisimama kwenye ua wetu, mikono kiunoni.

"Wazazi wetu walipiga madebe kuwafukuza hawa. Wewe unawafuga! Si unatufugia njaa, mtoto wewe?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usinipoze na shikamoo."

Hata hivyo ni yeye aliyenionyesha bonde ambalo halijawahi kupigwa dawa, ng'ambo ya reli, lenye majani laini hata wakati wa jua kali. "Kama umeshaamua kufuga njaa," akasema, "angalau ishibe vizuri." Nikawa naenda kila asubuhi, nakata, naanika kidogo umande ukauke, maana majani mabichi yenye maji yanawaharisha. Nikirudi na mzigo kichwani, bibi kwenye mkeka anatangaza kwa sauti yake ndogo, "Mpagazi huyo, anaelekea pwani! Wenzako walibeba pembe za ndovu, wewe umebeba nyasi!" Njia ninayopita ndiyo hiyo hiyo waliyopita wapagazi wa zamani, na bibi hachoki kunikumbusha. Aliongea, alitania, lakini kula bado. Vijiko viwili vya uji, vitatu akijitahidi kwa ajili ya mama.

Nzige wakapandana. Nilijaza mchanga wenye unyevu kwenye makopo ya maziwa, nikaweka ndani ya sanduku, na majike wakawa wanazamisha mkia mzima mchangani, wanatulia pale kama wanaosali. Baada ya hapo wakaanza kufa mmoja mmoja. Ndivyo walivyo, wakishataga kazi yao imekwisha. Nililia kidogo, najijua. Sasa kila kitu kilikuwa kwenye yale makopo, na nje ya bonde lile majani yalishakauka, hakukuwa na nzige wengine wa kuanza nao. Mayai yanahitaji joto, na usiku wa Tabora kiangazi ni baridi. Nikayapanga makopo jikoni, karibu na mafiga, pazuri, pana vuguvugu siku nzima.

Sasa nani kwetu anaweka mchanga kwenye kopo, karibu na mafiga, kama si mchanga wa kusugulia masufuria?

Ilikuwa zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwetu. Watu walikuja wengi, zaidi kwa ajili ya bibi, wakaimba, wakala wali na maharage. Mimi nikaenda bondeni kutuliza mawazo, sikuwa na wa kukatia majani tena, nilizoea tu. Mama akabaki na masufuria makubwa ya kuazima, yana masizi mpaka ukingoni. Niliporudi yalikuwa yameanikwa juani yanang'aa kama vioo, na mama anajifuta mikono, amefurahi.

"Ule mchanga wako ni mzuri," akasema. "Mlaini. Umeutoa wapi?"

Niliangalia pale kwenye mafiga. Makopo yalikuwa yamefudikizwa, matupu, yameoshwa.

Mama akaona uso wangu, akaelewa. Kanga aliyokuwa anajifutia ikaanguka. Alikuwa anajua mayai yapo, sikumficha, ila alidhani nimeyaweka ndani ya sanduku. "Mungu wangu," akasema, "nimemsugulia mama yangu chakula chake." Akakaa kwenye kinu. Huyu ndiye aliyeahidi kulitia sanduku moto.

Bibi akauliza kutoka kwenye mkeka kuna nini. Hatukutaka kumwambia. Akauliza tena, kwa Kinyamwezi safari hii, na kwetu bibi akibadilisha lugha unajibu. Mama akamwambia.

Bibi akasema, "Mchanga umemwaga wapi?"

"Pale kwenye mpera, mama, pamoja na maji ya majivu."

"Nipelekeni. Na ungo."

Tukambeba na kigoda chake mpaka kwenye mpera. Akatuambia tusiukanyage ule mchanga, tuuzoe kwa viganja, tuutandaze kwenye ungo kidogo kidogo. "Mnatafuta kitu kama kidole cha mtoto mchanga. Utadhani donge la udongo. Nzige jike akitaga anatoa povu, likikauka linayashika mayai pamoja. Mchanga unaweza kumwagika na donge likabaki zima." Alijuaje? Alipokuwa msichana waliwahi kupelekwa mashambani, watoto kwa wakubwa, kufukua mayai ya nzige ili yachomwe. "Nimeyachoma mengi," akasema huku vidole vyake vyembamba vinapitapita kwenye ungo. "Leo nayatafuta niyalee. Haya maisha, mke mwenzangu, usiyazoee."

Mengi yalikuwa yamesagika. Kila mama alipoona ganda lililopasuka, la njano, dogo kama punje ya mchele iliyovunjwa, alifyonza hewa kama aliyeungua. Kisha bibi akainua kitu, akakigeuza, akakipuliza. Donge. Zima. Mama naye akapata lake, akapiga kelele kama mtoto. Tulikaa pale mpaka jua likaingia nyuma ya nyumba, wanawake watatu na ungo mmoja, na jirani wa upande wa kisima akaja kuchungulia, akauliza tunatafuta nini, tukamwambia, akapiga magoti akatafuta na yeye. Tuliyopata yalitosha kujaza kopo moja tu, na hatukujua kama yako hai.

Kopo lile bibi hakutaka liguswe na mtu. Mchana analiweka juani kwenye mkeka, jioni analiingiza ndani na kulifunga kwa blanketi lake. Alikuwa akinyunyiza maji kwa vidole, kidogo tu. Nilikuwa nimeanza kujiandaa kumwambia pole. Ndipo asubuhi moja nikiwa barazani na kichwa cha mtu mapajani, nikasikia mama anapiga yowe ndani, yeye ambaye hapigi yowe.

"Wanatoka! Njoo uone, wanatoka!"

Walikuwa wadogo kama sisimizi, weusi, wanapanda ukuta wa kopo wakikanyagana. Tunutu, alisema bibi, hao ndio tunutu, nzige kabla hawajaota mabawa. Mama aliwahesabu akashindwa, akaanza upya, akashindwa tena, akaacha.

Waliokulia ndani ya sanduku lile walipendwa. Mama ndiye aliyeenda bondeni siku nikiwa na wateja. Walijivua ngozi mara kwa mara, wakining'inia kichwa chini, wakitoka wapya na laini, na kila aliyejivua bibi alimpa pongezi. Mwishowe wakapata mabawa. Na hapo nikagundua jambo ambalo sikulifikiria tangu mwanzo: kwamba lazima wafe, na mwuaji ni mimi. Maji yalichemka jikoni. Nilifungua mlango wa sanduku, nikaufunga. Nikaufungua. Mmoja akanipandia kwenye kidole akaanza kusugua uso kwa mikono yake kama anayenawa. Nikaanza kulia.

"Mama, mimi siwezi."

Mama akasogea, akaangalia ndani, akaniangalia. Na yeye hakuweza. Tulisimama hapo kama wajinga wawili, na maji yanachemka.

Nikasikia mkeka unakwaruza. Bibi alikuwa anajiinua, mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye goti. Hakutuita. Akasimama, akatulia kidogo kichwa kipate kuzoea, akaja jikoni kwa miguu yake mwenyewe. Akanisukuma kando na kiwiko.

"Nendeni mkasuke watu. Nzige hawapikwi na wanaolia."

Hatukwenda. Tulikaa mlangoni. Aliwaingiza kwenye maji yaliyochemka, haraka, hawakupata muda wa kuteseka. Aliwatoa mabawa na miguu kwa kuzungusha kidole gumba, akanionyesha na mimi, nikaweza hilo. Akawaacha wakauke kwenye ungo, halafu akatafuta kigae cha chungu akakiweka motoni. Harufu ikawa kama karanga na kama nyama. Alikuwa anayumba kidogo, mama akamletea kigoda, akakaa na kuendelea kugeuza.

Mama akasonga ugali wa mtama, mdogo, laini, ule wa kumpa mgonjwa, akauweka mbele yake na kurudi nyuma. Bibi akamega. Akachukua nzige wawili, akatafuna macho yamefumba. Nilikuwa nimeshika mkono wa mama na mama ameushika wangu. Akameza. Akamega tena. Akamaliza ule ugali wote, akalamba vidole, akaangalia sahani, akamwangalia mama.

"Huu ugali umempikia nani? Mtoto?"

Mama aligeuka upesi, akarudisha sufuria motoni, akamimina maji mengi.