Mchanga Mweupe Chini ya Kiti

Blanketi lililoanikwa siku tatu bila kukauka lina harufu yake, na mtu aliyekulia Tukuyu haioni kuwa ni harufu mbaya. Ndiyo harufu ya nyumbani. Mvua ikija kwetu huja kama mgeni aliyebeba sanduku kubwa. Mashati ya shule tuliyavaa yakiwa bado na unyevu kwenye kola, chumvi iliganda ndani ya kopo, na upepo ulipovuma kutoka upande wa kiwanda ulituletea harufu ya majani ya chai yanayokaushwa, tukajihisi tumeota moto. Ndiyo maana siku lile gari la rangi ya fedha lilipoletwa uani kwetu na milango yake ikafunguliwa, hakuna aliyeshangaa kwamba ndani lilinuka kama blanketi zetu. Baba aliingiza kichwa, akavuta pumzi, akatoka ameridhika.

Nilikuwa na miaka tisa, na gari hilo lilikuwa la dada yangu Tumpe, au lilikaribia kuwa lake. Alikuwa amefundisha miaka mitatu katika shule ya binafsi pale mjini, akajinyima, akajifunza kuendesha, na sasa alikuwa amepangiwa shule ya msingi huko Masukulu. Mwalimu mkuu alishamtafutia chumba jirani na shule. Tumpe alituambia kwamba akipata gari kabla ya shule kufunguliwa Jumatatu, atakuwa anakwenda na kurudi. Asipopata, atahamia huko, na tutaonana likizo. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa kunisomea nusu ya hadithi na kuninyima nusu nyingine mpaka niisome mwenyewe. Kwa hiyo wakati wakubwa wanatafuta gari, mimi nilikuwa natafuta namna ya kumbakiza dada.

Baba alikuwa ameendesha lori la chai kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakumwelewa mtu anayenunua gari siku ya jua. Jua halimwonyeshi kitu, alisema. Gari lilale nje mvuani, asubuhi liwashwe likiwa baridi, lipakiwe mikungu ya ndizi, kisha lipandishwe mlima. Hapo ndipo mtazungumza bei.

Mapema wiki hiyo tulikuwa tumeona kigari chekundu huko Kinyala, kwa Mama Subi, muuguzi mstaafu aliyeacha kuendesha kwa sababu ya macho. Kilikuwa kidogo, chenye gia za mkono, na tangu akinunue kilikuwa kimeguswa na fundi mmoja tu. Tumpe alikiendesha hadi mwisho wa shamba la migomba na kurudi, na aliposhuka alikuwa anacheka peke yake, kama aliyesikia mzaha ambao sisi hatukuusikia. Hata bei ilikuwa ndani ya uwezo wake. Baba alikizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Mikungu itakaa wapi?"

"Baba, mimi naenda kufundisha. Siendi sokoni."

"Na kukiwa na msiba? Mama yako mdogo apande juu ya bati?"

Mama Subi akasema taratibu kwamba kiti kile cha nyuma kiliwahi kubeba wanakwaya wanne, na hakuna aliyefika amepoteza sauti. Baba akacheka, lakini tuliondoka bila gari.

Lile la rangi ya fedha lililetwa Ijumaa na dalali kutoka Mbeya, kijana mtanashati aliyemwita Baba "mzee wangu" katika kila sentensi. Lilikuwa refu, lenye nafasi nyuma ya kutosha kitanda. Dalali aliapa kwamba halijawahi kutoka Mbeya mjini tangu lifike nchini, akaliacha uani, akaenda kulala kwa shemeji yake. Lilinyeshewa mpaka asubuhi. Aliporudi na ufunguo, liliwaka mara moja. Baba akapakia mikungu minne, mimi nikawekwa katikati yake niizuie isigongane, tukaanza kupanda.

Lilipanda vizuri, siwezi kulisingizia. Baba aligonga dashibodi kwa kiganja na kusema hili ndilo gari la familia. Tumpe aliliendesha kama mtu aliyebebeshwa ndoo ya maji isiyo yake. Kwenye kona moja mkungu ulinisukuma, karanga zangu zikamwagika chini ya kiti cha mbele, nami nikapenyeza mkono kuzitafuta. Mkono ulitoka na karanga mbili na mchanga.

Ulikuwa mchanga mweupe, laini. Udongo wetu ni mweusi na mzito, unashika kwenye viatu mpaka unamwongezea mtu kimo. Mchanga kama ule nilikuwa nimeuona mara moja tu, Kyela, karibu na ziwa, tulipokwenda kwenye harusi ya mjomba. Nakumbuka wenyeji walivyotuonyesha ukutani mstari ambao maji ya mafuriko yaliufikia.

Nilikunja ngumi. Gari lilikuwa limefaulu. Nikinyamaza, dada atabaki. Nilikaa na ngumi hiyo mlima mzima hadi tukarudi uani alikokuwa akitungoja dalali, mchanga ukinilowa kiganjani. Tumpe akaja kunifungulia mlango, akanisafisha shavu, akasema Jumatatu nitamsindikiza hadi barabarani naye atanipigia honi. Nikamwona akilini akienda, mvua inanyesha, yuko peke yake njiani kuelekea Masukulu, na gari linazimika. Nikafungua mkono.

"Dada, hii imetoka chini ya kiti."

Baba aliuchukua mchanga, akausugua kwa vidole. Alishika mkanda wa kiti, akauvuta hadi mwisho, sehemu ambayo mtu hafiki anapoufunga. Pale palikuwa na mstari wa tope kavu, umenyooka kama umepigwa rula.

"Kijana," akasema, "gari hili limeogelea."

"Mzee wangu, hiyo si mvua ya kwenu tu?"

"Mvua ya kwetu inatoka juu."

Tulishusha mikungu. Jioni Tumpe akaanza kukunja nguo zake na kuzipanga kwenye begi, nami nikakaa kitandani namtazama, nikiujutia mkono wangu. Baba hakuonja chai. Nadhani kilichomuuma si gari, ni pua yake iliyomdanganya, kwa kuwa lilinuka kama kwetu.

Jumapili baada ya ibada alibeba mkungu mmoja begani na kusema twende Kinyala. Huko Mama Subi akampa Tumpe ufunguo; mimi Baba alinikalisha mbele, yeye akajikunja kwenye kiti cha nyuma cha kile kigari chekundu, mkungu mapajani, magoti karibu na kidevu. Tulipofika katikati ya mlima alimwambia Tumpe azime. Mvua ilikuwa inamwagika. Alishuka, akaweka kiganja juu ya boneti, akasimama hivyo, maji yakimtiririka kwenye koti la ibada, mpaka bati lilipopoa kabisa. Kisha akarudi kujikunja.

"Washa."

Kiliwaka. Tumpe akaachia breki ya mkono na kigari kikaondoka bila kurudi nyuma hata hatua moja. Nikamsikia akicheka tena.

"Mkungu mmoja unatosha," Baba akasema kutoka nyuma, na tuliporudi kwa Mama Subi neno lake la kwanza lilikuwa "Ndaga," asante ya Kinyakyusa.

Kigari kile kilimpeleka na kumrudisha dada yangu miaka tisa. Siku hizi mimi ndiye ninayetafuta gari la kwanza, na nalitafuta kwenye simu. Kabla ya chakula cha mchana nimeshaona magari mengi kuliko aliyoyapima Baba maisha yake yote, na bei nazijua kuliko alivyozijua yeye. Lakini yote yamepigwa picha siku ya jua. Jumamosi iliyopita nilikwenda na Tumpe kuangalia moja la bluu, dogo, lililoegeshwa nje pale Tukuyu. Baba alipiga simu tukiwa njiani kuuliza swali moja: limelala nje? Nikamwambia limelala nje. Mwenye gari alikimbilia kufungua boneti. Mimi nilifungua mlango, nikapiga magoti kwenye tope, nikapenyeza mkono chini ya kiti.

Ulitoka na udongo mweusi na ganda la karanga. Tumpe akautazama mkono wangu, akacheka kile kicheko chake cha Kinyala, kisha akamgeukia mwenye gari na kumwomba ufunguo.