Taa Iliyowaka Ikishikwa Tu

Mjomba alitunza maabara ya shule kwa miaka thelathini, akastaafu na vitu viwili: multimita ya njano ya kupimia umeme, na kiburi. Multimita ilikuwa na ufa kwenye kioo. Kiburi kilikuwa kizima kabisa.

Anaishi na dada yake, Mama Mkubwa, fundi cherehani ambaye masikio yalikuwa yameanza kumgomea. Wateja walibisha hodi hadi wakachoka, wakaondoka na vitambaa vyao. Mwisho akatangaza kwamba anahamia kwa mwanawe, atachukuliwa Jumamosi mchana. Mjomba akakataa katakata. Angemtengenezea taa: mteja akibonyeza kitufe langoni, inawaka juu ya cherehani. Kwamba alikuwa anaogopa kubaki peke yake katika nyumba ile, hilo hakulisema. Yeye ni wa kufa na tai shingoni.

Ijumaa asubuhi kazi ikaisha. Akabonyeza kitufe, taa haikuwaka. Akaleta multimita, akabonyeza tena huku amegusa kibao cha nyaya kwa ncha yake nyekundu, taa ikawaka. Akaondoa ncha, ikazima. Nikamwambia kwa adabu kwamba huenda hapo alipolehemu hapakushika. Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama yake, akasema mkono wake umelehemu tangu sijazaliwa. Basi akalaumu betri, akanunua nyingine. Akalaumu kitufe. Akalaumu viwanda vya siku hizi. Nyani haoni kundule.

Jumamosi sanduku la Mama Mkubwa lilikuwa mlangoni, naye Mjomba kapiga magoti mezani, mkono mmoja kwenye kitufe, mwingine umekandamiza ncha palepale. Taa inawaka vizuri tu, na ananitaka niwe shahidi. Nikamuuliza kama atashikilia hivyo hadi siku ya kufa. Nilikuwa nimemkasirikia, na nilimwonea huruma.

Mama Mkubwa akavaa miwani yake ya kutungia uzi, akainama.

"Hapo unapokandamiza ndipo palipoachia," akasema. "Mshono ukiachia haupimwi, mdogo wangu. Unafumuliwa, unashonwa upya."

Mjomba alipasha moto chuma cha kulehemu, akayeyusha risasi ya zamani pale palipoachia, akaweka mpya. Tukafunga kitufe langoni, nikabonyeza, na kupitia dirishani nikaona taa imewaka bila kushikwa na mtu. Mjomba akaeleza kwa kirefu kwamba risasi ya kwanza ilikuwa feki. Mama Mkubwa hakusikia, au alijifanya hakusikia. Alimpigia mwanawe simu kwamba asije, akarudisha nguo kabatini.

Jumatatu taa iliwaka mara nne kabla ya saa nne asubuhi. Kila mara Mama Mkubwa aliacha cherehani, akaenda kufungua lango, akamkuta Mjomba na multimita yake, anasema anakagua tu. Mara ya nne alimshika mkono.

"Nipo," akamwambia. "Ingia ndani."