Kiuno cha Mtoto Daftarini

Mtaa mzima ulimwita Bi Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni wala dharau haikumtoka mdomoni. Alikuwa fundi cherehani, na watu aliwajua kwa sentimita. Mwalimu mkuu akipita amebana tumbo, yeye husema: "Huyo ni mia na kumi na nne. Anapumua akifika kwake." Mwaka ule wa maradhi alishona barakoa mpaka vidole vikaota sugu, huku akiwacheka waliozivaa kidevuni.

Ila hakuna mtu ambaye Bi Futi alimdharau kama wifi yake, mke wa kaka yake, mwanamke wa kupenda kuonekana. Shule zilipofungwa na masomo kuhamia kwenye simu, wifi akawa anamvalisha binti yake wa miaka tisa sare kamili, soksi mpaka magotini, akae mbele ya simu. Kwa ajili ya nani, Mungu ndiye ajuaye. Kisha sare ikaanza kupwaya.

"Shangazi, mama anasema uipunguze kiuno."

Mwanzo wa mwaka mtoto alikuwa sitini na mbili. Sasa hamsini na nane. Wiki mbili baadaye, hamsini na tano. Wiki mbili tena, hamsini na moja. Kila mara Bi Futi aliandika namba na tarehe kwenye daftari lake, maana kazi aliiheshimu hata kama watu hakuwaheshimu.

Je, alishtuka? Thubutu! Alicheka. Kila mteja aliyeketi pale dukani aliambiwa: "Mtoto anasomeshwa kwa simu na kulishwa kwa picha. Wifi yangu anabania hata chakula." Na wateja, watu wazima na akili zao, wakacheka naye. Mtoto mwenyewe alikuwa mlangoni, amekinga mdomo kwenye bomba la ndoo ya kunawia mikono, anakunywa.

"We mtoto! Hayo ni ya wateja kunawa! Kwenu hakuna maji?"

Alikimbia chooni, akarudi kwenye ndoo. Maji yakaisha kabla ya saa sita mchana, na hilo nalo Bi Futi akalihesabu kuwa kosa la wifi.

Zikapita wiki mbili nyingine, na safari ya nne mtoto alikaa kwenye benchi akashindwa kuinuka. Alihema kwa nguvu kama aliyekimbia, na pumzi yake ilinuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. "Ni yale maradhi!" mteja mmoja akapiga kelele, na mashujaa wote wakatimka, mmoja na sketi yenye pini bado mwilini. Bi Futi akambeba mtoto mgongoni, daftari likiwa bado kwapani. Wifi akawakuta njiani, analia.

"Nilitaka kumpeleka mapema, watu wakaniambia hospitali ndiko tutakakoyaokota hayo maradhi."

Kwenye geti la hospitali mlinzi akasikia ile pumzi, akawaelekeza kwenye hema la wenye kikohozi kwa madaha ya daktari bingwa. Ndani, muuguzi aliyefunikwa mpaka machoni akasema wasubiri majibu ya kipimo, kesho kutwa.

"Kesho kutwa?" Bi Futi akachomoa daftari kwapani. "Mimi ugonjwa siujui, dada. Kiuno nakijua. Tazama."

Muuguzi akatazama. "Anakunywa maji sana?"

"Usiku kucha," mama akasema.

Muuguzi akamtoboa mtoto kidole. Sukari ilikuwa imepanda mpaka kipimo kikashindwa kuitaja. "Ni kisukari," akasema, na kitanda kikasukumwa mbio. Kabla hajawafuata wenzake akarudisha daftari. "Tarehe hii ya kupungua ni ya wiki sita zilizopita. Ulidhani nini?"

Wifi alikuwa amesimama pale pale. Bi Futi, bingwa wa maneno, akajibu kwa sauti ndogo: "Nilidhani mama yake hamlishi."

Nyani haoni kundule. Huyu alioneshwa lake mchana kweupe. Siku tatu mtoto hakujitambua, na siku tatu wifi hakumtazama Bi Futi wala kumsemesha. Siku ya nne mtoto akafumbua macho, akauliza kama sare yake iko tayari.

Baada ya mwezi wakaja dukani, mama amebeba sindano za insulini kwenye mfuko mdogo. Bi Futi akapiga magoti, pini mdomoni, akazungusha futi. Hamsini na saba. Akaandika na tarehe. Benchi lilikuwa limejaa wale wale wa siku zote, masikio wazi.

"Ukiona kapungua tena, wifi," mama akasema, "niambie mimi. Usiwaambie wateja."